Kulwa ana kipandikizi cha kusikia mwezi wa 8 sasa, anageuka akiitwa ila hatamki neno. Tatizo liko wapi?

#1 MamaPacha Igoma
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Nina pacha wa kiume, Kulwa na Doto, wana miaka 3 na miezi 10. Doto anasikia vizuri. Kulwa ama alizaliwa hasikii ama usikivu ulipotea wiki zile za mwanzo, hakuna aliyenipa jibu la uhakika. Tuligundua akiwa na mwaka 1 na miezi 9. Tulichelewa kwa sababu kila niliyemuuliza aliniambia watoto wa kiume huchelewa kuongea, na sisi nyumbani tukipiga sufuria nyuma yake alikuwa anashtuka. Tukazunguka na vipimo, akavaa shimesikio (kile kifaa cha kukuza sauti) masikio yote mawili miezi 6 bila faida, mwisho akawekewa kipandikizi sikio la kulia akiwa na miaka 3 na mwezi 1. Kiwanja chetu cha Kishiri, hapa Mwanza, kikauzwa, ukoo ukachanga, jumuiya ikachanga. Kifaa kiliwashwa mwezi mmoja baadaye. Keshokutwa kinatimiza miezi 8.

Sasa hivi ukimwita Kulwa nyuma ya mlango anageuka. Bodaboda ikipita anagusa sikio lake kwa kidole na kunitazama, kama anauliza kama na mimi nimesikia. Juzi nakaanga dagaa, akaja akainama karibu na jiko anasikiliza mafuta yanavyochachatika. Nilipoepua akanishika mkono nirudishe kikaango motoni.

Lakini neno hakuna. "Aaa" na "mba", basi. Hata mama hajasema. Doto yeye anaongea kuanzia anapofumbua macho.

Baba yao ameanza kusema kiwanja kimepotea. Mama mkwe anasema tumempasua mtoto kichwa bure, tena kwa kitu cha majaribio. Wenye uzoefu nisaidieni, tatizo liko wapi?

#2 Sato Mbichi
Pole mama. Nakaa hapa nijifunze.

#3 Baba Neema, Nyegezi
Mama Pacha, binti yangu ana kipandikizi, sasa ana miaka 7. Nikupe kitu nilichopewa mimi nikiwa nimechoka kama wewe: acha kumhesabia Kulwa siku za kuzaliwa. Hesabu tangu siku kifaa kilipowashwa. Kwa masikio, Kulwa ana miezi 8. Mtoto anayesikia wa miezi 8 anasema nini? "Aaa", "mba", "dada". Anageuka akiitwa. Anashangaa mlio wa jikoni. Doto naye akiwa na miezi 8 alikuwa haongei, ila umeshasahau.

Neema alipandikizwa akiwa na mwaka 1 na miezi 11. Siku ya kuwasha alilia mpaka akatapika, na mimi nilikwenda na simu yangu mkononi nikitegemea kurekodi tabasamu. Neno la kwanza lilikuja mwezi wa 11, na halikuwa baba wala mama. Lilikuwa "toka". Alikuwa anafukuza kuku.

#4 Sato Mbichi
Toka! Huyo alikuwa anakusikiliza wewe siku zote, Baba Neema.

#5 Fundi Redio Kirumba
Baba Neema kasema kweli lakini kweli hiyo inaweza kufunika jambo. Miezi 8 bila neno inaweza kuwa umri wa kusikia, na inaweza kuwa kifaa hakimpi sauti ya kutosha. Kwa kumtazama mtoto huwezi kutofautisha.

Mimi si daktari, ni fundi wa redio na simu, ila mpwa wangu anavaa na nimekifuatilia sana hiki kitu. Kile kinachokaa nyuma ya sikio kina maiki na kompyuta ndogo. Kinachambua sauti, kinaipeleka kwenye kile kisahani chenye sumaku kinachonata kichwani, kisahani kinairusha bila waya kupitia ngozi mpaka kwenye kipokezi kilicholazwa ndani. Kutoka hapo kuna waya mwembamba sana umeingizwa kwenye konokono wa sikio (sehemu ya ndani kabisa ya sikio), una vituo 12 hadi 22 kutegemea na aliyetengeneza. Kila kituo kinagusa mshipa wa fahamu kwa umeme kidogo. Sikio la kwako na langu lina chembe zenye vinyweleo kama elfu 15 kwa kazi hiyo hiyo.

Sasa umeme wa kila kituo unapangwa na mtaalamu kwenye kompyuta. Mwanzoni wanauweka chini makusudi mtoto asiogope, halafu unapandishwa kila anaporudi kliniki. Usiporudi, mtoto anabaki na sauti ya siku ile. Anasikia mlango na pikipiki, anageuka akiitwa kwa nguvu, ila maneno yenyewe yanamfikia kama watu wanaoongea ng'ambo ya ukuta.

Swali: tangu kuwashwa mmerudi mara ngapi?

#6 MamaPacha Igoma
Mara 3. Ya mwisho alikuwa na miezi 4 tangu kuwashwa. Ni nje ya mkoa, zaidi ya kilometa elfu moja kwenda tu. Basi, kulala, kula, na Doto lazima nimwachie mtu. Tukasema tupumue kwanza.

#7 Fundi Redio Kirumba
Miezi 4 haijaguswa. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo kabla sijamlaumu mtu.

#8 Bibi Nyamanoro
Mwangaluka, wanangu. Mnazungumza mashine tu. Huyo mtoto mmemwangalia chini ya ulimi? Wajukuu zangu wawili walichelewa hivyo hivyo. Mmoja akakatwa kimeo, mwingine kile kiuzi cha chini ya ulimi, na wote leo wanaongea mpaka tunawanyamazisha.

#9 Nesi wa Zamu
Shikamoo bibi. Naomba nikupinge kwa heshima zote.

Kimeo hakimzuii mtoto kuongea. Nimepokea watoto waliokatwa kimeo majumbani wakaja wanavuja damu, wengine na maambukizi mabaya, na usemi ukabaki ulivyokuwa. Kiuzi cha chini ya ulimi kikiwa kifupi sana kinaweza kusumbua sauti kama "r" na "l". Lakini "mama" haisemwi kwa ulimi, inasemwa kwa midomo. Mtoto anayesema "mba" midomo yake inafanya kazi. Wajukuu zako huenda wangeongea hata bila kukatwa, bibi, muda wao ulikuwa umefika.

Na lile la sufuria, Mama Pacha, usijihukumu. Mtoto kiziwi hushtuka kwa mtikisiko wa sakafu, kwa kivuli chako, kwa upepo wa mkono. Miezi ya mwanzo hubwabwaja kama watoto wengine wote, kwa hiyo wazazi hawashtuki. Ndiyo maana tunataka kila mtoto apimwe masikio ndani ya mwezi 1 wa kuzaliwa, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, huduma ianze kabla ya miezi 6. Kwa mtoto wa vijijini, Kwimba au Buchosa, hilo bado ni mbali, nalisema kwa uchungu.

Niambie walizaliwaje.

#10 MamaPacha Igoma
Wiki ya 32. Kulwa kilo 1.4, Doto kilo 1.8. Wote walipata manjano. Doto alikaa chini ya taa ya bluu siku 2. Kulwa siku 6, na sindano za maambukizi siku 10, na siku mbili za kwanza alikuwa kwenye oksijeni.

#11 Nesi wa Zamu
Basi hapo kuna milango minne na yote iko wazi. Kuzaliwa kabla ya wakati. Kukosa hewa ya kutosha. Sindano, maana gentamisini, moja ya dawa za sindano za maambukizi, huokoa maisha ya vichanga kila siku na ina uwezo wa kuua zile chembe za vinyweleo. Na manjano.

Manjano ndiyo inayonifanya niulize zaidi. Ikipanda sana inaweza kuumiza mshipa wa kusikia na njia zake kuelekea kwenye ubongo, wakati chembe za sikio zimebaki nzima. Mtoto wa namna hiyo unampima kwa kile kipimo cha haraka cha kuweka kipira sikioni, anapita! Ukimpima kwa kipimo cha usingizini, cha waya kichwani, majibu hayaonekani. Kipandikizi kinawasaidia wengi wao, lakini mwendo unatofautiana sana mtoto na mtoto. Angalia kwenye faili la Kulwa: kile cha kipira alipita au alifeli?

#12 Dada Buzuruga
Samahani kuingilia. Mtoto wa kaka yangu kule Magu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na mwaka 1 na nusu, akapona, masikio yakaenda. Tumeambiwa twende haraka kwenye vipimo vya kipandikizi ila kaka anasema apumzike kwanza mwaka mmoja apate nguvu. Yuko sahihi?

#13 Nesi wa Zamu
Hapana! Mwambie leo. Baada ya uti wa mgongo lile konokono la sikio linaweza kuanza kuota mfupa ndani, wakati mwingine ndani ya wiki chache tu. Likishajaa mfupa waya haupiti, au unapita nusu. Kwa mtoto huyo kungoja ndiyo hatari yenyewe. Apigwe CT skani au MRI mapema iwezekanavyo. Na akipandikizwa, chanjo ya nimokoka (bakteria mmojawapo anayeleta uti wa mgongo) isikose, wenye vipandikizi wana hatari zaidi ya kupata uti wa mgongo.

#14 Dada Buzuruga
Asante dada. Nampigia sasa hivi.

#15 Mvuvi wa Ukara
Mimi nitasema ukweli hata kama unauma. Samaki mkunje angali mbichi. Miaka 3 ni samaki aliyeshaanza kukauka. Ubongo una msimu wake wa kushika lugha kupitia masikio, miaka ile ya mwanzo, na usipotumika sehemu ile inachukuliwa na kazi nyingine. Angepandikizwa na mwaka 1 tusingekuwa na uzi huu.

#16 Baba Neema, Nyegezi
Mvuvi, punguza. Mwaka 1 mama huyu alikuwa anaambiwa na kila mtu asubiri. Halafu miaka 3 si samaki mkavu. Wanaohangaika zaidi ni wale waliozaliwa viziwi wakapandikizwa na miaka 7, 8, bila kuwahi kusikia lugha yoyote. Kulwa bado yumo ndani ya muda, ila kazi ni kubwa kuliko ya aliyewahi.

#17 Mvuvi wa Ukara
Sikumaanisha kumwumiza. Mama Pacha nisamehe. Mdogo wangu hakupata hata hilo shimesikio, ndiyo maana nachemka. Halafu Fundi, hilo konokono ni jina tu au kweli limejikunja?

#18 Mzee Maktaba
Limejikunja kweli, karibu mizunguko miwili na nusu, dogo kama punje ya njegere. Na wewe mvuvi utaipenda hii. Graeme Clark wa Melbourne, Australia, alisumbuka muda mrefu: atausukumaje waya ndani ya kitu kilichojisokota bila kukiharibu? Baba yake mwenyewe alikuwa na tatizo la kusikia, alikuwa mfamasia, na mwana alikua akimwona baba anavyohangaika na wateja. Siku moja akiwa ufukweni akaokota kombe na jani la nyasi, akalisukuma jani ndani. Likaingia vizuri, kwa sababu nyasi ni laini nchani na ngumu shinani. Waya wake akautengeneza hivyo hivyo. Mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 1978.

Nalisema pia kwa ajili ya mama mkwe wa Igoma. Si kitu cha majaribio. Marekani waliruhusu kwa watoto wa kuanzia miaka 2 mwaka 1990, wakashusha hadi miezi 12 mwaka 2000, na mwaka 2020 hadi miezi 9. Hapa kwetu Muhimbili walianza upasuaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walipelekwa nje, wengi India. Na kichwa hakipasuliwi mpaka kwenye ubongo, daktari anapita kwenye mfupa wa nyuma ya sikio.

#19 Mvuvi wa Ukara
Jani la nyasi! Nitawahadithia wenzangu usiku huu tukiwa kwenye dagaa.

#20 Mwalimu Unyanyembe
Nimefundisha watoto viziwi miaka 14. Nimesoma kuanzia post ya kwanza na hakuna aliyeuliza swali moja: wakati tunasubiri Kulwa aongee, yeye anazungumza na nani na kwa lugha ipi? Ana miaka karibu 4. Ana njaa, ana ndoto usiku, ana wivu na Doto, ana maswali. Mumfundishe Lugha ya Alama ya Tanzania sasa, pamoja na kifaa. Ubongo unataka lugha, haujali imeingilia sikioni au machoni.

#21 Baba Neema, Nyegezi
Mwalimu nakuheshimu ila hapa tunatofautiana. Sisi tuliambiwa wazi: ukimpa alama ataridhika na mikono, sikio litalala. Tukawa tunaziba midomo yetu tunapoongea ili asiisome, asikilize tu. Na Neema anaongea.

#22 Kiziwi wa Nansio
Naandika taratibu, Kiswahili ni lugha yangu ya pili, ya kwanza ni alama.

Niliugua nikiwa mdogo sana. Nyumbani hakuna aliyejua alama. Mpaka miaka 9, siku nilipopelekwa shule, sikujua kwamba mimi nina jina. Nilijua wakinigusa bega wananitaka. Mama alikuwa ananipenda sana, na hatukuwahi kuzungumza mpaka miaka ile 9. Siku ya kwanza shuleni msichana mmoja alinionyesha alama ya maji, akaninywesha maji, akarudia alama. Nikalia. Nilikuwa nimekunywa maji maisha yangu yote, kumbe yana jina.

Sipingi kifaa. Kulwa akisikia mafuta ya dagaa nafurahi naye. Lakini kifaa kikiharibika, betri ikiisha, akioga, akilala, Kulwa ni kiziwi. Usiku akiamka anaogopa, mama utamwambia nini?

#23 MamaPacha Igoma
Nimesoma #22 mara tatu. Nimekwenda kumtazama Kulwa amelala.

#24 Baba Neema, Nyegezi
Mkuu wa Nansio, sina jibu la post yako. Kwa kweli Neema akivua kifaa usiku huwa tunaoneshana vidole tu, naye hukasirika.

#25 Mwalimu Unyanyembe
Baba Neema, ulichoambiwa kinasemwa na wataalamu wengi na wengine wengi wanakipinga, wabishi wako pande zote mbili. Mimi nimeona watoto wenye vipandikizi waliojua alama mapema wakaongea vizuri, na nimeona walionyimwa alama wakafika kwangu na miaka 8 hawana lugha yoyote, si ya mkono si ya mdomo. Hao wa pili ndio wananikosesha usingizi.

#26 Ng'wana Ngudu
Mimi nina nadharia nyingine. Mama Pacha, nyumbani mnaongea lugha gani? Kisukuma kina sauti za kupanda na kushuka, neno moja ukilipandisha lina maana hii, ukilishusha ile. Kwa hesabu ya Fundi pale #5, vituo 22 badala ya chembe elfu 15, huo mpando na mshuko mtoto ataupata wapi? Vifaa hivi vinajulikana kuwa dhaifu kwenye kimo cha sauti, ndiyo maana hata muziki wenye vipandikizi huwa unawasumbua. Labda Kulwa anachanganyikiwa. Chagueni Kiswahili peke yake.

#27 Fundi Redio Kirumba
Hoja nzuri, ila Wachina lugha yao ni ya kupanda na kushuka pia na watoto wao wanapandikizwa kila siku, wanajifunza. Kwa shida zaidi, ndiyo, lakini wanajifunza.

#28 Bibi Nyamanoro
Na bibi yake asiyejua Kiswahili vizuri anyamaze? Mtoto anajua kupendwa kwa lugha ya anayempenda. Hapo siungi mkono.

#29 Nesi wa Zamu
Bibi, hapo niko na wewe kabisa. Kinachohitajika ni maneno mengi, karibu naye, upande wa sikio lenye kifaa. Bibi aongee Kisukuma chake kinachonyooka, mama Kiswahili.

#30 Sato Mbichi
Naomba niulize la kijinga pengine. Doto si anamwongelea? Mimi nimekulia nyumba moja na pacha. Yule wa pili alikuwa anaomba maji, chakula, kila kitu kwa niaba ya mwenzake. Kulwa ataongea ya nini wakati anacho kinywa cha Doto?

#31 Mwalimu Unyanyembe
Si la kijinga hata kidogo.

#32 MamaPacha Igoma
Wakuu, leo sikwenda sokoni. Nimekaa nyumbani kutwa nzima, nimewatazama bila wao kujua.

Sato, umeona kitu. Doto anasema "Kulwa anataka uji" kabla Kulwa hajanyanyua hata mkono. Na wana alama zao wenyewe! Kidole shavuni ni mimi. Ngumi mbili zikigongana ni bodaboda ya baba. Kushika pua ni dagaa. Nimehesabu 19. Sikuwahi kuziona, niko nao kila siku.

La pili limenikata maini. Saa 3 asubuhi mama mkwe amemvua kifaa. Nimemuuliza kwa utaratibu, akasema anamvua kila siku mimi nikiondoka, anahofia watoto wa jirani watakivuta, mchanga, vibaka, "kitu cha bei ya kiwanja". Anakivisha saa 11 jioni nikikaribia kurudi. Anakihifadhi kwa uangalifu jamani, amekifunga kwenye kanga yake. Kile kisahani cha sumaku kilikuwa kimenata kwenye chuma cha kitanda chake, ndipo kinapolala. Kwa hiyo Kulwa wangu anasikia saa 3 kwa siku. Miezi 8 kumbe si miezi 8.

Kwenye faili, Nesi, kile cha kipira imeandikwa alipita sikio la kushoto, la kulia hakikusomeka.

#33 Fundi Redio Kirumba
Daah.

#34 Nesi wa Zamu
Pole mama yangu. Usigombane na mkweo, amefanya kwa kulinda. Mkalishe umweleze kwamba hicho ni kama macho, hakivuliwi mchana. Na hilo la kupita kushoto liandike kwenye karatasi, uende nalo. Ni swali la kumuuliza mtaalamu wa usikivu uso kwa uso: je, huenda tatizo liko kwenye mshipa? Wakati ule MRI ilionyesha mshipa upo?

#35 MamaPacha Igoma
Ilionyesha upo, pande zote.

#36 Mvuvi wa Ukara
Basi ni bibi. Tumepata jibu.

#37 Fundi Redio Kirumba
Hatujapata. Saa 3 kwa siku zinatosha kumchelewesha, na sauti ambayo haijapandishwa miezi 4 inatosha pia, na manjano nayo. Yote yanaweza kuwepo kwa pamoja.

#38 Baba Neema, Nyegezi
Mama Pacha, kuna kipimo cha nyumbani nilifundishwa, tunakifanya kila asubuhi mpaka leo, hakichukui dakika 2. Kaa upande wa kulia wa Kulwa, nyuma kidogo asione mdomo wako, hatua moja. Mpe kikombe na punje za mahindi. Kila akisikia, atupe punje moja kikombeni. Mwanzo Doto acheze naye ili Kulwa aelewe mchezo. Halafu tamka kwa sauti ya kawaida, usipige kelele, moja moja na kwa kuchanganya: mm, uu, ii, aa, sh, s. Sauti hizo sita zinagusa chini mpaka juu ya sauti za maneno. Andika ipi anaipata, ipi haipati. Karatasi hiyo mtaalamu ataipenda kuliko maelezo yako yote.

Na kuhusu kuvutwa: kuna kamba yenye kibanio, upande mmoja kwenye kifaa, wa pili mgongoni mwa shati. Mke wangu anashona mwenyewe kwa utepe wa kofia za watoto. Kikidondoka kinaning'inia.

#39 Dada Buzuruga
Nimerudi. Kaka amekubali, Jumatatu wanaanza na skani. Na hapa ziwani kwenye unyevu huu kifaa hakiozi? Naambiwa unakiweka kwenye mchele usiku.

#40 Fundi Redio Kirumba
Mchele una vumbi, vumbi linaziba maiki. Tafuta vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, weka kwenye kopo linalofunga vizuri, kifaa kilale humo kila usiku. Kopo likae mbali na watoto, vipakiti vile si vya kulamba. Na waya wa kisahani ndio unaokufa kwanza kuliko vyote, uliza bei yake kabla hujakubali kifaa chochote. Watu wanajiandaa kwa upasuaji wanasahau kwamba miaka yote inayofuata ni nyaya, betri na nauli.

#41 Ng'wana Ngudu
Hiyo #40 iwekwe mbele kabisa ya uzi. Sisi tulichanga harusi mbili mwaka jana, kuchangia waya wa mtoto tunaona ajabu.

#42 MamaPacha Igoma
Nimerudi baada ya siku 5.

Mama mkwe nimemkalisha, nimemsomea post ya mkuu wa Nansio kwa Kisukuma. Amelia. Sasa kifaa kinakaa kutwa, ameshona kamba mwenyewe, ya kitenge. Anamfuata Kulwa kila kona ya uwanja kama askari, na anamwongelesha njia nzima.

Mchezo wa mahindi Kulwa ameuelewa siku ya pili. Asubuhi 3 mfululizo majibu ni yale yale: mm anapata, uu anapata, aa anapata, ii mara anapata mara hapati. Sh hapati. S hapati kabisa, ananitazama tu na punje mkononi anasubiri. Nimeandika yote. Nimepiga simu, nimepewa nafasi Alhamisi wiki ijayo, tiketi nimekata, ya kwangu na ya Kulwa. Doto anabaki na bibi.

Mwalimu, Jumamosi naomba nikutafute unielekeze wapi hapa Mwanza naweza kuanza kujifunza alama. Baba yao amekubali nusunusu, anasema yeye atajifunza zile 19 za watoto kwanza.

Jana jioni Kulwa kashika pua, akanyoosha kidole jikoni, akasema "ga".

#43 Sato Mbichi
Daga... Mama Pacha, huyo kasema dagaa!

#44 Mvuvi wa Ukara
Mtaje mtaa. Nakuja Kirumba mwaloni Jumanne, kopo moja la sadolini la dagaa ni la Kulwa.

#45 Fundi Redio Kirumba
Inaweza kuwa dagaa, inaweza kuwa sauti tu. Ukirudi Alhamisi hiyo tuletee namba walizopandisha.

#46 Kiziwi wa Nansio
Mwambie Kulwa alama yake ya dagaa tofauti na yangu. Yangu ni vidole vinne vinacheza kama kwenye maji. Nataka kujua yake kwa nini pua.

#47 MamaPacha Igoma
Kwa sababu ya harufu, mkuu. Nimemuuliza Doto.